Kengele Ililia Mara Moja

Kwenye kibanda changu cha fotokopi hapa Likasi, watu huleta shairi la msiba likiwa tayari kwenye simu. Mimi hulipiga kwenye kompyuta na kuliingiza katika programu ya misa, chini ya picha ya marehemu, juu ya majina ya watoto. Nasema shairi, si mashairi, kwa sababu ni lile lile. Lina nyota, lina ua lililochumwa asubuhi, lina malaika aliyeshuka kuchukua kilicho chake. Wateja hubadilisha "mama" kuwa "baba", na wakisahau kubadilisha mahali pamoja, mimi ndiye ninayeona, maana nasoma kila ukurasa mpaka maneno yanapoteza maana. Nimewahi kuchapa upya programu zote za mteja kwa karatasi zangu mwenyewe, kwa ajili ya nukta iliyokaa mahali pasipo pake. Mteja hakuiona nukta hiyo, wala marehemu. Mimi niliiona, na ikaniharibia wiki nzima.

Nayasema haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kazi ya kumliza mama mukubwa.

Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Ndiye aliyenilea, yeye na mumewe, tangu mama alipohamia Lubumbashi kwa biashara ya vitenge. Mumewe nilimwita baba mukubwa. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika kituo cha umeme cha Koni. Juma zima alilala huko; Jumamosi gari la kazi lilimshusha barabarani, akamalizia safari kwa baiskeli, ambayo sisi huiita kinga, na nyuma ya kinga kulikuwa na samaki wa ziwa Tshangalele waliofungwa kwa kamba ya mpira. Hata alipostaafu aliendelea kuipanda kinga ile kila Jumamosi, akienda sokoni na kurudi, kwa sababu Jumamosi bila kurudi kutoka mahali fulani ilimchanganya.

Alikufa mwanzoni mwa miezi ya baridi. Ilikuwa mchana, mezani. Alisema ataenda kujinyoosha kidogo, akajinyoosha, na presha ikamaliza kazi yake.

Mama mukubwa hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia makaburini, hakulia kwenye kilio, yaani siku zile ambazo watu hukaa nyumbani kwa mfiwa wakiimba na kupika. Wanawake wengine walilia mpaka sauti zikakauka. Yeye alikaa kwenye godoro, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kichwani, akiwaangalia kama mtu anayengoja wageni waondoke ili afagie.

Kwetu jambo hilo si dogo. Mwanamke asiyemlia mumewe husemwa kwamba anajua kilichomuua. Na katika ukoo wa baba mukubwa kuna desturi: siku ya kumaliza kilio, dada wa marehemu huchukua unga mweupe wa mahindi na kumpaka mjane kwenye paji la uso, mbele ya watu wote. Maana yake ni kwamba hawana neno naye; mtu wao hakufa mkononi mwake; abaki nyumbani kwa amani. Padri anaijua desturi hiyo na hujifanya haoni. Mjane asiyepakwa unga anaweza kuendelea kuishi katika nyumba yake, sheria inamlinda, lakini sheria iko mjini na wakwe wako sebuleni. Hakuna mtu wa upande ule atakayevuka tena kizingiti chake. Kanisani wanawake watamwachia nafasi kwenye benchi, nafasi kubwa kupita inayohitajika.

Dada wa kwanza wa baba mukubwa, shangazi, alikuwa amefika kutoka Kapolowe na unga wa shamba lake mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa safi. Aliuweka juu ya kabati ambapo kila mtu angeuona. Kisha akatoka uani, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kusema na mtu mmoja:

"Minye sitapaka bunga ku uso kavu. Ndugu yangu alikuwa muntu, hakukuwa kuku. Muke mwenye hakulia bwana yake, iko na kintu anajua."

Siku hiyo hiyo mama yangu, aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa ajili ya kilio, alinifuata kibandani. Alisimama mbele ya mashine, akanitazama kama anavyotazama kitenge anachoshuku kwamba rangi yake itatoka.

"Weye iko na maneno," alisema. "Kila siku uko mu bitabu. Andika kintu ya kuuma. Utasoma mbele ya bakwe. Yaya, mukubwa wangu, akilia hata kidogo tu, shangazi atapaka bunga, mambo itaisha."

"Mama, shairi si kitunguu."

"Basi andika kitunguu!"

Nilianza kama ninavyoanza kila kitu: kwanza kuogopa, kisha kulinganisha. Nikikosa ujasiri wa kufanya jambo, hukusanya mifano ya wengine waliolifanya. Nilisafisha meza karibu na mashine ya fotokopi, nikayapanga mashairi yote niliyokuwa nayo juu ya maumivu ya mapenzi, nikaamua kwamba nitajua kwanza yanafanyaje kazi, halafu nitaandika.

La kwanza lilikuwa la Kifaransa, tulilokaririshwa shuleni, na mwalimu alituchapa tulipopumua mahali pabaya. Mwanamume amekaa dirishani. Nje theluji inaanguka. Mwanamke ameondoka. Maumivu yake ni hiyo theluji: kimya, nyeupe, ikifunika njia. Ni zuri, silipingi. Lakini sijawahi kuona theluji, na kadiri nilivyolisoma ndivyo nilivyozidi kukasirika na adabu yake. Mtu huyu anaumia akiwa ameketi vizuri. Hakuna anayekuja kumuuliza kama amekula, wala shemeji anayesubiri machozi yake uani.

La pili lilikuwa la pwani, katika kitabu kisicho na jalada nilichokinunua sokoni, kikiwa chini ya viatu vya mitumba. Kitabu hicho ndicho kilichonifundisha Kiswahili hiki ninachoandika. Hapa shule ni Kifaransa na nyumbani ni Kiswahili chetu cha Katanga. Hicho cha vitabuni nilijifunza peke yangu, neno kwa neno, bila mtu wa kumuuliza, na mpaka leo nikiteleza nikakizungumza mbele ya watu, wananicheka kwamba nasema kama redio. Katika shairi lile, mapenzi ni ugonjwa. Mpenzi analala na homa, mifupa inauma, ini linayeyuka, matabibu wanaingia na kutoka wakitikisa vichwa, na dawa anayo yule aliyemwacha. Kila mstari una mizani nane na nane. Vina vinagongana kama misumari iliyopigwa na fundi mmoja. Nilikipenda kitabu hicho kuliko watu wengi. Lakini siku ile, nikihesabu silabi kwa vidole kama kawaida yangu, nilijikuta nauliza kwa sauti, kibandani, peke yangu: ni homa gani hii inayojua kuhesabu mpaka nane?

Halafu kulikuwa na mashairi ya vijana wa rika langu, ya kwenye simu, nusu Kifaransa nusu Kiswahili. Humo moyo unavunjika kama kioo cha simu. Ameona ujumbe, hajajibu, dunia imekwisha. Mimi huyadharau, na siku ile niliyadharau tena, ila nilikiri kwamba angalau yana hasira, na hasira ni kitu ninachokijua.

Niliyasoma yote mpaka umeme ukakatika. Koni iko pale, mtu anaweza kuifikia kabla ya chakula cha mchana, na bado umeme hutuacha kila mara. Zamani ukikatika, mama mukubwa alitoka mlangoni akamfokea baba mukubwa, ambaye alikuwa mbali, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuzima kwa mkono wake. Majirani walimchokoza: "Bwana yako amekukasirikia tena!" Naye alijibu: "Mwache azime. Jumamosi atakula mu giza."

Niliikumbuka hiyo, nikacheka, nikaisukuma pembeni kwa sababu ilinichelewesha kufanya kazi.

Kwa mwanga wa mlangoni niliona kasoro moja iliyomo katika mashairi yote yale. Katika kila moja, mwenye maumivu ana machozi. Yanatiririka, yanalowesha mto, yanageuka bahari, yanatolewa bila shida kama maji ya bomba la jirani. Hakuna hata moja lililoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye machozi yamegoma. Niliwakasirikia watunzi wote, wa theluji na wa homa na wa simu. Walikuwa wameandika kana kwamba kulia ndiko mwanzo wa maumivu. Mimi nilikuwa na mwanamke ambaye maumivu yake yalianza na hayakufika kwenye macho, na ilinibidi niyafikishe kabla ya wageni kurudisha viti vya kukodi.

Nyimbo za kilio sikuziweka mezani. Zilikuwa zinaimbwa ng'ambo ya ukuta wa kibanda, uani kwa mama mukubwa, mchana kutwa, na wanawake ambao nimewajua tangu utotoni: mmoja anamuuliza marehemu ni nani atafunga mlango aliouacha wazi, wengine wanaitikia kwamba ajibu, ajibu. Nilizisikia kama mtu anavyosikia kinu cha jirani. Hazina mizani. Zinabadilika kila zinapoimbwa. Sikujua hata pa kuzikamata.

Nilienda kumwona mama mukubwa nikiwa na kalamu mfukoni, na nakiri kwamba nilienda kutafuta mfano mmoja mzuri wa kuweka kwenye beti. Aliponiona alisogea kidogo kwenye godoro.

"Ulikula?"

"Nilikula, mama mukubwa."

"Banakuwekea chumvi mingi, hawa. Mu mboga ya sombe banamwaga chumvi kama vile banapika bahari."

Mwanamke wa upande wa wakwe aliyekaa karibu na mlango aligeuza shingo. Nilijua kabla jua halijatua shangazi atakuwa ameambiwa kwamba mjane analalamikia chumvi.

"Banangoja," mama mukubwa akaninong'oneza. "Banangoja kama vile banangoja mvua. Machozi haiko nakuya. Nifanye nini? Niipige?"

"Unasikia nini ndani?" nilimuuliza. Lilikuwa swali la mtu mwenye kalamu mfukoni.

Alifikiri. Alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua.

"Ninasikia kama vile ni Ijumaa."

"Ijumaa?"

"Ee. Ijumaa. Kesho atakuya."

Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha nilirudi kibandani, umeme ulikuwa umerudi, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika:

Homa yangu ni ya ndani, haina dawa ya kweli,
Nateseka kitandani, na mwenzangu yuko mbali.

Mpaka leo nikiikumbuka mistari hiyo masikio yanapata moto. Mtu alinipa Ijumaa, nami nikaenda kuazima homa ya pwani. Na si kwa uvivu. Nilifanya kazi kama punda. Niliandika beti sita, nikazivunja, nikaziandika tena, nikabadilisha "tabibu" kuwa "mganga" na "mganga" kuwa "tabibu". Vina vya mwisho vyote vilikuwa vya -li: kweli, mbali, kali, hali. Hakuna mizani iliyozidi wala iliyopungua. Nilichapa kwenye karatasi nene, ile ya kadi za harusi.

Siku ya kumaliza kilio tulitoka misa, tukarudi nyumbani, watu wakakaa chini ya turubai. Wakwe upande mmoja, sisi upande mwingine. Mama mukubwa aliletwa akaketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Shangazi alikaa mbele yake, kifurushi cha unga kwenye mapaja, mikono miwili juu yake, kama mtu anayemlinda kuku asiruke. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kama machozi yangetoka, kitambaa kingefunguliwa. Yasipotoka, shangazi angesimama, aage, arudi Kapolowe na unga wake.

Mama yangu alinikonyeza. Nilisimama.

Nilisoma ubeti wa kwanza. Sauti yangu ilitoka ikiwa ya redio, ile ile wanayonicheka. Mtu alikohoa. Mtoto akauliza kwa nguvu kama ndugu huyu ni mgonjwa, akanyamazishwa. Nilimtazama mama mukubwa. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu kubwa sana, kama anavyowasikiliza watu wa serikali. Nilianza ubeti wa pili. Pale penye "tabibu", sauti ilitoka nyuma ya turubai:

"Eee! Nani iko nauzisha dawa hapa? Kama iko na homa, mumupeleke ku hospitali! Hapa tuko na mufu!"

Turubai zima lilicheka. Hata padri, aliyekuwa amekuja kunywa chai, alitazama ndani ya kikombe.

Alikuwa mmoja wa watani. Ukoo wa baba mukubwa una ukoo mwingine ambao ni watani wao. Kwetu huitwa banungwe. Kwenye kilio banungwe wana haki ya kufanya lolote: kumtukana marehemu, kulala mahali pake, kuvaa nguo zake, kudai nyama, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Huyu alikuwa mwanamume mnene, mfanyabiashara, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Siku hizi anasali kwenye makanisa ya uamsho, ambako michezo hii imekatazwa.

"Pasta alinikataza kuya kucheza ku kilio," alitangaza. "Nilimuambia: baba, siendi kucheza. Naenda kutukana!"

Alikuwa ameshika ile kinga ya baba mukubwa. Kichwani alikuwa amevaa kofia yake ngumu ya kazini, ya njano, iliyopauka. Samaki mkavu alikuwa amefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yangu nene, hakuna aliyeniambia niketi, na nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Aliisukuma kinga mpaka katikati ya turubai. Akapiga kengele mara mbili, kiring, kiring.

"Muke wangu! Nimerudi! Bukari iko wapi?" Alijifanya anatafuna ugali, akashika taya. "Ayayaya! Hii bukari yako iko nguvu! Itanivunja meno!"

Watu wakacheka tena. Na ndani ya kicheko kile, kutoka kwenye kiti cha plastiki:

"Hapana."

Hakusema kwa nguvu. Lakini lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya ukoo wote wa wakwe tangu mazishi, na kicheko kilikatika.

"Hapana nini, muke wangu?" mtani akauliza.

"Haikukuwa vile. Kengele alikuwa anapigaka mara moja. Moja tu. Na haikukuwa hapa ku mulango. Ni kule ku kona, ili niweke maji ku moto."

Mtani aliitazama kengele kama imemsaliti. Akarudi nyuma na kinga yake mpaka nje ya turubai, mpaka kwenye kona ya uzio, akapiga mara moja. Akarudi. "Haya. Mara moja. Lakini bukari iko nguvu."

"Laini!" Mama mukubwa alikuwa amesimama. "Alikuwa anasemaka laini! Myaka yote, laini, laini!"

"Minye nilisema nguvu."

"Weye haukusema vile! Weye ulisema: 'Hii ni bukari ao ni uji? Unapikia mutoto?' Kila Jumamosi! Na minye nilikuambia nini?"

Hapo niliona amevuka mahali fulani. Mtani naye aliona, maana sauti yake ilishuka.

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia: ukitaka nguvu, enda ukule mawe ya Koni! Na ukakula. Kila siku unasema laini, na sahani inarudi safi. Ila siku ile. Siku ile uliacha. Nilikuambia maliza, ukasema ninakuya, acha nijinyooshe. Uliacha nusu ku sahani. Minye nilifunika. Nilifunika na sahani ingine, nikangoja. Inakauka, minye nangoja. Uko wapi? Unasema ninakuya, uko wapi? Niliitupa minye mwenyewe, na mikono yangu, ilikuwa imekuwa nguvu, ilikuwa nguvu kama vile ulikuwa unatakaka, na haukukuwa!"

Akapumua kama aliyepanda mlima. Macho yake yalikuwa makavu kama jiko la asubuhi. Mtani, ambaye ana haki ya kumtukana mtu yeyote chini ya turubai lile, alivua kofia ya njano akaishika kifuani.

Aliyelia ni shangazi.

Alianza kwa kuguna, kama mtu anayekubaliana na bei, kisha akainama juu ya kifurushi. "Njo vile," alisema. "Njo vile! Hata minye alinisumbua vile vile, mu Kapolowe, tangu mutoto. Mama alikuwa mu shamba, minye napika, yeye analia iko laini, iko laini. Nilimupiga na mwiko. Ee ndugu yangu! Nilimupiga na mwiko!"

Akafungua kitambaa. Hakumngoja mtu, wala hakuuliza tena juu ya machozi. Mikono yake ilikuwa imelowa kwa kujifuta uso, na alipochota unga ulishikamana kwenye vidole, na alipompaka mama mukubwa kwenye paji la uso haukuwa tena unga, ulikuwa kitu kizito, cheupe, kilichotaka kuteremka kwenye pua. Mama mukubwa alisimama bila kutikisika. Kisha akasema, taratibu, kwa yule wifi yake tu, ingawa sote tulisikia:

"Mulamu. Umefanya laini."

Wawili wale walishikana wakacheka vibaya sana, kicheko cha watu wanaokaribia kuanguka, na wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele, na mama yangu akanigeukia huku analia na kusema, "Umeona?" kana kwamba ni shairi langu.

Sikuwa nimefanya lolote. Ndilo jambo ninaloshindwa kulimeza. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi: mama mukubwa alipakwa unga, shangazi alilala pale siku nyingine zaidi, wakabishana juu ya chumvi. Lakini nilikuwa nimesimama na karatasi ya kadi za harusi mkononi, beti nne na nusu hazijasomwa, na hakuna aliyeuliza ziliishaje. Watunzi wangu wote walizungumza juu ya mtu aliyewaumiza. Hakuna aliyemgeukia akamfokea kwa sababu ya sahani. Wanawake wa ng'ambo ya ukuta walifanya hivyo siku zote zile, na mimi nilikuwa nahesabu mpaka nane.

Baadaye, watu wakitawanyika, nilimfuata yule mtani aliyekuwa anafunga samaki wake kwenye gazeti. Nilimuuliza kama alikosea kwa makusudi, ile kengele, ile bukari.

"Kukosea nini?" alishangaa. "Minye nilikula ku ile nyumba. Bukari iko nguvu!"

Mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania.

Siku moja mama mukubwa alikuwa barazani anachambua maharage, akaniambia nimletee karatasi ile ili aisikie mpaka mwisho, kwani ni dhambi kumkatiza mtu akisoma. Nilimsomea beti zote sita. Aliendelea kutupa vijiwe pembeni. Nilipomaliza, akapuliza makapi.

"Iko muzuri," alisema. "Maneno inaenda muzuri sana. Lakini huyu muntu mwenye homa, ni nani?"

"Ni... ni mapenzi, mama mukubwa."

"Aa." Akatupa kijiwe kingine. "Minye nilifikiri ni baba yako mukubwa. Nilikuwa nangoja kengele."

Tangu hapo naandika upya. Nimeondoa homa, nimeondoa tabibu. Nimeweka kinga, nimeweka kona, nimeweka samaki na kamba ya mpira. Na kila mara nakwama mahali pale pale. Vina vyangu ni vya -li, na kengele ikilia mara mbili, mstari unakaa kama umezaliwa pale: mbili, mbali, kweli. Lakini ililia mara moja. Nimejaribu kugeuza vina vyote kuwa vya -ja, nikapata "kungoja" na "pamoja", na kabla sijajua, yule mgonjwa amerudi kitandani kwake, anangoja, anatiririkwa na machozi. Nimejaribu kuisogeza kengele katikati ya mstari, ikaharibu mizani. Nimejaribu kuiacha kabisa.

Jana mteja alinikuta na karatasi hizo zimetapakaa, akaniomba nimtolee programu ya kilio cha baba yake. Nilimuuliza kama anataka nimwandikie shairi lake mwenyewe, nikamwambia kwamba ningependa kujua baba yake alikuwa analalamikia nini nyumbani. Alinitazama kama nimemtukana. Akanipa simu: nyota, ua, malaika. Nililipiga. Nilisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, nikasahihisha "mama" mahali pamoja kuwa "baba", nikamchapia.

Kisha nikarudi kwenye mstari wangu. Nikiweka mbili, kila msomaji ataupenda. Mama mukubwa atatupa kijiwe, atasema hapana.